Roboti na Foleni ya Malori Tunduma

Kila siku malori yaliyobeba shaba kutoka Zambia na Kongo hupita Tunduma yakielekea bandari ya Dar es Salaam. Shaba hiyo, ikishavuka bahari, hufanywa nyaya, na sehemu ya nyaya hizo huviringishwa ndani ya mota za umeme. Mkono wa roboti wa kiwandani, ukifunguliwa, si kitu kingine ila mota kadhaa za namna hiyo, zilizofungwa kwenye viungo vya chuma na kuongozwa na kompyuta. Hivyo mkoa wa Songwe, ambao riziki yake ni kilimo na biashara ya mpakani, umo ndani ya habari ya roboti zaidi ya wengi wanavyodhani. Swali ni kama umo humo kwa faida yake au umo humo kama njia ya kupitia tu.

Neno lenyewe lilienea duniani kutokana na mchezo wa kuigiza wa mwandishi Mcheki Karel Čapek, uliochapishwa mwaka 1920. Kwa Kicheki, robota ni kazi ya kulazimishwa, yaani kile ambacho wazee wa Waswahili walikiita shokoa. Roboti ya kwanza ya kiwandani, Unimate, iliwekwa mwaka 1961 katika kiwanda cha General Motors huko New Jersey, Marekani, ili inyanyue vipande vya metali vilivyotoka kwenye kalibu vingali na moto. Siku hizi Shirikisho la Kimataifa la Roboti huhesabu zaidi ya roboti milioni 4 zinazofanya kazi viwandani, na zaidi ya nusu ya zile mpya zinazowekwa kila mwaka huwekwa China.

Je, zimefanya nini kwa kazi za watu? Wachumi wamelipima jambo hili, na majibu yao hayafanani, kwa sababu nchi hazifanani. Georg Graetz na Guy Michaels, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018, walitazama nchi 17 kati ya mwaka 1993 na 2007. Waliona kwamba roboti ziliongeza ukuaji wa tija, yaani mali inayozalishwa kwa kila saa ya kazi, kwa pointi 0.36 za asilimia kila mwaka. Tarakimu hiyo yaonekana ndogo. Lakini ikilimbikizwa kwa miaka 15 inazidi asilimia 5. Daron Acemoglu na Pascual Restrepo, waliochapisha matokeo yao mwaka 2020, waliichunguza Marekani peke yake. Huko kila roboti moja iliyoongezwa kwa wafanyakazi 1,000 ilipunguza sehemu ya watu wenye ajira kwa pointi 0.2 za asilimia, na mishahara kwa asilimia 0.42. Utafiti wa tatu, wa Wolfgang Dauth na wenzake juu ya Ujerumani, ulitoka mwaka 2021. Huko ajira zilizopotea viwandani zilifidiwa na ajira mpya katika huduma, na waliokwisha kuajiriwa hawakufukuzwa kwa wingi. Wengi walipewa kazi nyingine mahali pale pale. Walioubeba mzigo ni vijana waliokuwa ndiyo kwanza wanatafuta kazi, ambao walikuta mlango wa kiwanda umekuwa mwembamba. Mwanafunzi wa kidato cha nne na aisome sentensi hiyo mara mbili.

Wapo wanaosema kwamba hayo ni mambo ya Ulaya na Marekani, na kwamba ujira mdogo wa Afrika Mashariki ni ngao ya kutosha. Hoja hiyo ina hesabu ndani yake, na hesabu hiyo yafaa ifanywe darasani. Na uchukuliwe mfano ambao tarakimu zake ni za kubuni. Roboti moja, pamoja na vifaa vyake na gharama za kuifunga, ni dola 100,000 nayo itadumu miaka 10. Umeme na matengenezo ni dola 10,000 kwa mwaka. Gharama ya mwaka basi ni dola 20,000, bila kuhesabu riba. Ikifanya kazi ya watu wawili katika nchi ambayo mfanyakazi mmoja hugharimu dola 40,000 kwa mwaka, mwenye kiwanda anaokoa dola 60,000. Ikipelekwa mahali ambapo mfanyakazi hugharimu dola 1,500, mwenye kiwanda anapata hasara ya dola 17,000. Ndiyo maana roboti hukimbilia kwenye mishahara mikubwa.

Wengi huishia hapo na kushusha pumzi. Hata hivyo hesabu hiyo inahusu mtambo ghali tu, na mtambo unaofika kwanza katika nchi maskini si ule wa ghali. Huko Kericho, Kenya, mwaka 2023, wachuma chai waliokasirika walizichoma moto mashine za kuchumia chai. Mashine hizo hazikuwa roboti. Ni zana zenye injini na visu, ambazo watu wachache huzipitisha juu ya michai na kufanya kazi ya kundi kubwa. Bei yake iko mbali sana chini ya bei ya roboti, na kwa hiyo ngao ya ujira mdogo haikuzizuia. Jambo hili liko karibu na Songwe kuliko habari yoyote ya Marekani, maana chai hulimwa jirani kabisa, katika wilaya ya Rungwe.

Kahawa ya Mbozi ina habari tofauti kidogo. Katika viwanda vingi vya kahawa duniani, kuchambua buni kwa mkono kulikuwa kazi ya wanawake walioketi mbele ya meza ndefu wakitoa punje mbovu moja moja. Mtambo wa kuchambua kwa rangi umeichukua kazi hiyo. Punje hudondoka mbele ya kamera, kompyuta hulinganisha rangi yake, na pumzi kali ya hewa huisukuma nje iliyo mbovu kabla haijafika chini. Huo ni ndugu wa karibu wa roboti: una jicho, una uamuzi, una tendo. Lakini mtambo huo hauwezi kuifanya kahawa iliyochumwa mbichi iwe na ladha ya iliyoiva. Matunda ya mbuni hayaivi pamoja, hata katika tawi moja. Mchumaji hupita shambani zaidi ya mara moja akichagua mekundu na kuyaacha ya kijani. Brazil, katika mashamba makubwa ya tambarare, mashine huchuma yote kwa mpigo mmoja. Kwenye shamba dogo la Mbozi kazi hiyo ingali ya mkono, na mkono huo ndio unaoamua daraja la kahawa. Basi atakayeununua mtambo wa kuchambua bila kumlipa vizuri mchumaji makini atakuwa amenunua jicho la kuyatazama makosa yaliyokwisha kufanyika.

Hapo ndipo ilipo kanuni ambayo mazungumzo mengi juu ya roboti huisahau. Mtambo huongeza tija ya tendo moja. Tija ya kazi nzima huamuliwa na mahali pembamba kuliko pote katika mfululizo wa matendo, na mahali hapo mara nyingi hapana mtambo. Kwa Songwe, mfano ulio wazi kupita yote ni mpaka wenyewe wa Tunduma.

Mwaka 2019 kilifunguliwa kituo cha pamoja cha forodha kati ya Tunduma na Nakonde, ili maofisa wa Tanzania na wa Zambia wafanye kazi chini ya paa moja na lori lisimame mara moja badala ya mbili. Kazi nyingi za karani wa zamani, za kuandika, kujumlisha na kugonga mihuri, zimehamia kwenye kompyuta. Kabla ya kufika mpakani lori hupimwa uzito katika mizani ya Mpemba. Katika mipaka mikubwa ya dunia zimo pia mashine za eksirei ambazo huonyesha kilichomo ndani ya kontena bila kulifungua. Zana hizi hazina mikono kama roboti ya kiwandani, lakini kiuchumi zinafanya jambo lile lile: zinachukua tendo lililohitaji macho na uamuzi wa mtu na kulimaliza kwa dakika chache.

Pamoja na hayo, baada ya mwaka 2019 foleni ndefu za malori ziliendelea kuripotiwa Tunduma. Mwanafunzi anaweza kuieleza sababu yake kwa hesabu nyepesi. Tuseme mizani hupitisha malori 30 kwa saa, ukaguzi wa mzigo malori 25, na ofisi ya hati malori 12. Serikali ikinunua mashine mpya ya ukaguzi inayopitisha malori 50, yatakayovuka kwa saa ni 12 vile vile. Fedha zimetumika, mashine inang'aa, na dereva bado analala chini ya tela lake. Mtandao wa kompyuta ukikatika, 12 inageuka sifuri, na hapo foleni hukua kwa kasi ile ile ambayo malori yanawasili.

Reli ya TAZARA inasimulia habari hiyo hiyo kwa sauti kubwa zaidi. Ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, nayo inapita Tunduma. Ilibuniwa kubeba tani milioni 2 kwa mwaka. Katika mwaka wa 2014/15 ilibeba tani chini ya 100,000. Mataruma hayakupotea wala milima haikuhama. Zilipungua injini, mabehewa, vipuri na fedha za kuviendesha. Mzigo ukahamia barabarani, na sehemu ya foleni ya Tunduma ni mzigo ambao ungepita kwenye reli.

Sasa kuna jambo ambalo si rahisi kulisema mbele ya wakazi wa mji huo. Tunduma, kwa sehemu, inakula kutokana na foleni. Dereva anayengoja siku mbili hununua chakula kwa mama lishe, hununua maji, hulipia kitanda, hutafuta kijana wa kulinda turubali na mwingine wa kuziba pancha. Siku mpaka utakapopitisha lori kwa nusu saa, dereva huyo atanywa chai Nakonde. Hivyo mashine isiyogusa ajira ya karani hata mmoja yaweza kuziondoa riziki za watu wasio na mkataba, wasio na chama, na wasiohesabiwa katika takwimu yoyote ya roboti na kazi. Tafiti za Marekani na Ujerumani hazina safu ya mama lishe.

Baadhi ya watu huhitimisha kutokana na hayo kwamba foleni iachwe, maana inalisha. Hoja hiyo ni ya huruma lakini ni mbovu. Siku mbili za lori kusimama ni gharama, na gharama hiyo haipotei hewani: huingizwa katika bei ya mbolea, ya saruji na ya nguo, na mlipaji wa mwisho ni mkulima wa Zambia au Kongo au Momba, maskini sawa na mama lishe. Foleni ni kodi isiyo na stakabadhi. Sehemu ndogo yake humfikia muuza wali. Kubwa hupotea bure, katika dizeli, katika riba ya mikopo ya malori, katika matunda yanayooza.

Lililo la haki ni kwamba anayeokoa wakati aonyeshe ameokoa kiasi gani, na sehemu ya akiba hiyo irudi mahali ulipookolewa. Mamlaka zinazonunua mitambo ya mpakani zingefanya vema kutangaza kila mwaka wastani wa saa ambazo lori hukaa Tunduma kabla ya kuvuka, jinsi shule zinavyotangaziwa matokeo ya mitihani. Tarakimu hiyo moja ingeonyesha kama mtambo umefaa, na pia ingewaonya wafanyabiashara wadogo mapema kwamba soko la wanaongoja linapungua. Halmashauri nayo ingekuwa na miaka michache ya kujenga kile ambacho lori linalopita haraka bado litakihitaji: maghala, viwanda vya kusaga na kufungasha mahindi ya Mbozi na Momba kwa wanunuzi wa ng'ambo ya mpaka, na karakana.

Karakana hasa. Mitambo yote iliyotajwa hapa huharibika. Kila saa ambayo mizani au kompyuta imesimama ikimngoja fundi kutoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 900, ni saa iliyotolewa katika tija ambayo mtambo ulinunuliwa kuileta. Katika miji mingi nchini wako mafundi wa mitaani wanaoviringisha upya waya wa shaba katika mota zilizoungua, wakihesabu mizunguko kwa kidole, mara nyingi bila kuijua kanuni ya sumaku-umeme iliyoandikwa katika kitabu cha fizikia cha sekondari. Katika miji hiyo hiyo wako wanafunzi wanaoijua kanuni hiyo kwa moyo na hawajawahi kuishika mota. Mwalimu wa fizikia wa Vwawa au Tunduma anaweza kuwakutanisha watu hao wawili kwa mwendo wa dakika kumi kwa miguu, bila kungoja maabara mpya wala waraka kutoka wizarani.