Usimfundishe Bibi Yako Kuendesha Gari, Mlipie Karo

Jumapili jioni, pita uwanja wowote ulio wazi hapa Nairobi. Hutakosa kuona kagari kanaruka-ruka kama chura, jamaa ameketi kushoto anapiga kelele, na bibi yake ameshika usukani machozi yakiwa karibu. Hayo ndiyo mnaita mapenzi? Wasee, acheni.

Najua utaniambia shule ya udereva ni pesa mingi. Sawa. Lakini tuambiane ukweli: wengi wenu hamfundishi, mnajionyesha. Wewe umeendesha miaka kumi, mguu wako unajua klachi bila kuuliza kichwa. Ndio maana huwezi kueleza. Unasema "achilia polepole," gari linazima, unarudia maneno yale yale, ila kwa sauti kubwa zaidi. Mwalimu wa kulipwa ameona magari yakizima mpaka amezoea. Kwake hiyo ni Jumanne ya kawaida. Tena gari lake lina breki ya pili upande wake. Wewe upande wako una mdomo tu.

Na shida haibaki uwanjani. Mnarudi nyumbani mmenuniana, na wiki nzima yeye bado ni mwanafunzi wako. Akisahau kuzima stima, unamkumbusha klachi. Mwalimu mkikosana, anabadilishwa. Mume atambadilisha na nani? Na nyinyi madada mnaofundisha mabwana zenu, msicheke. Sijawasahau.

Kwetu nimeyaona haya. Babangu alianza kumfundisha mamangu nikiwa darasa la nne. Masomo yalidumu Jumapili tatu. Ile ya tatu, sisi watoto tukiwa kiti cha nyuma, alimwambia, "Wewe hii kitu hutawahi kuiweza." Mama akashuka, akarudi nyumbani kwa miguu. Hakugusa usukani tena.

Miaka sita baadaye, baba akashikwa na kifua usiku wa manane. Gari liko nje, mafuta yapo, funguo ziko mezani, na hakuna wa kuendesha. Tulibisha kwa jirani mpaka akaamka. Baba alipona, lakini zile dakika za kungoja sijazisahau. Nadhani hata yeye hajazisahau.

Kwa hivyo usiniambie ni mchezo wa Jumapili. Kujua kuendesha ni usalama wa nyumba yote, na huwezi kuuweka rehani kwa sababu ya hasira zako. Wekeni pesa kidogo kidogo kama mnavyoweka ya kodi. Atoe leseni ya muda ya NTSA, aende asukume kale kagari ka kuchezea kwenye mji wa mfano wa mezani, azimishe gari la mtu mwingine mara mia, afanye mtihani, arudi na leseni yake.

Siku hiyo mpe funguo. Keti kushoto, funga mkanda, halafu funga mdomo.