POMPE YA KLORE HAILETI MAJI

Kila mara kolera ikirudi Goma, tunaona jambo lile lile: mtu amevaa bote na maski, pompe mgongoni, mkono mmoja unapiga pompe, mwingine unapuliza klore ku ukuta na ku matelasi. Picha inapigwa, gari inaondoka. Mama wa ile nyumba anabeba bidoni, anarudi kuchota ku ziwa.

Wakubwa, kolera haitoki ku ukuta. Inanyweka mu maji, inalika mu chakula. Wataalamu wa kolera wenyewe hawashauri tena kupuliza nyumba kwa nyumba. Wanasema: wapeni familia ndoo, klore na sabuni, wasafishe wenyewe, haraka.

Hatumuchukii mwenye kubeba pompe. Ni kijana kama sisi, anatafuta mkate. Tunauliza wenye kumutuma: mwaka 1994 kolera iliua maelfu ya wakimbizi hapa hapa Goma. Leo bado tunaishi kando ya Ziwa Kivu na robine nyingi ni kavu. Munapuliza nini?

Vijana, wakifika kwenu na pompe, muwaulize kwa heshima: maji iko wapi? Kisha pigeni picha ya robine yenu, muitangaze.

Tunataka maji. Harufu ya klore hainyweki!