Kipimo cha Sindano Kifuate Kipimo cha Sahani

Katika Soko la Majengo, jijini Dodoma, hapana muuzaji wa unga asiyejua kupima. Mtama, uwele na mahindi hupimwa mbele ya mnunuzi, naye hukaza macho asije akapunjwa. Lakini unga huo huo ufikapo nyumbani kwa mtu mwenye kisukari cha aina ya kwanza, mara nyingi hesabu hukomea mlangoni. Ugali huliwa kwa kukisia, na sindano huchomwa kwa kiasi kile kile kilichoandikwa kwenye kadi. Twaona kwamba jambo hili ni la hatari, na lina dawa yake.

Katika ugonjwa huu kongosho huacha kutengeneza insulini, na mgonjwa, ambaye mara nyingi ni mtoto au kijana, hawezi kuishi bila ya sindano. Kabla ya Januari 1922, dawa hii ilipojaribiwa kwa mgonjwa wa kwanza huko Toronto, Kanada, aliyeugua hakuwa na tumaini la kuishi siku nyingi.

Wako wadhanio kwamba mgonjwa akiacha sukari ya chai na kula ugali wa mtama, basi yamekwisha. Sivyo. Wanga, uwe wa mtama, wa viazi au wa muhogo, hugeuka sukari mwilini. Gramu 100 za unga wa mahindi zina wanga wa gramu 75 hivi, na unga wa mtama hauachani nao sana. Mlenda una wanga kidogo tu.

Tuchukue mfano wa mtu mzima aliyeambiwa na daktari wake kwamba yuniti 1 ya insulini ya chakula yamtosha kwa gramu 15 za wanga. Ugali wa unga wa gramu 100 utahitaji yuniti 5. Akila nusu, yuniti 2 au 3 zatosha. Akichoma 5 na kula nusu, sukari yaweza kushuka mno. Atatetemeka na kutoka jasho, na asipopewa kitu kitamu upesi aweza kuzimia, hata kufa.

Katika nyanda hizi za kati, ambako mvua ni ya msimu mmoja, sahani ya Julai, baada ya mavuno, si sahani ya Februari. Kadi isiyobadilika hudhani kwamba sahani nayo haibadiliki. Tena ni kosa kubwa kuacha insulini yote kwa sababu chakula hakuna. Mwili wa mgonjwa huyu huhitaji kiasi fulani hata akiwa hakula, na akikikosa damu yake huingia tindikali inayoua.

Maarifa haya si ya madaktari peke yao. Huko Düsseldorf, Ujerumani, wagonjwa walifundishwa kwa siku 5 kuhesabu wanga na kujipangia kipimo. Waingereza wakayajaribu mafunzo hayo, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2002 yalionyesha kwamba waliofundishwa waliidhibiti sukari vizuri zaidi, huku wakila kwa uhuru zaidi. Aliyeweza kuhesabu mkate huko, hapa ataweza kuhesabu ugali.

Lakini tusidanganyane. Hesabu hii yataka insulini ya chakula iwe mbali na ile ya siku nzima, na yataka vijiti vya kupimia sukari. Anayetumia insulini ya mchanganyiko asijibadilishie kipimo apendavyo. Yampasa kula kiasi kile kile kwa saa zile zile, na chakula kikipungua awaone wauguzi mapema.

Kwa hiyo twasema: kliniki zifundishe kwa bakuli na mwiko wa nyumbani. Kadi ya mgonjwa ionyeshe kipimo cha siku ya shibe na cha siku ya upungufu. Vijiti vya kupimia viwepo pamoja na dawa, na walimu wazijue dalili za sukari kushuka. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Na mali gani ipitayo uhai?