Upepo wa Bahari Nao ni Dawa

Siku hizi, ndugu msomaji, ukikaa barazani baada ya sala ya alasiri, mazungumzo hayakosi kufika kwenye sukari na presha. Huyu kaambiwa na daktari aache chumvi, yule kapewa vidonge vya maisha, na wote wameusiwa jambo moja: tembeeni. Ni wosia mwema. Lakini mimi nauliza, watembee wapi?

Wazee wetu hawakuhitaji kuusiwa. Mvuvi alikwenda pwani kwa miguu alfajiri, mkulima akishinda chini ya minazi, na aliyebaki nyumbani alikuwa na ua wenye hewa na asmini. Sisi chuoni tulisomea chini ya mkungu, upepo ukipepea juzuu zetu. Leo mkungu ule haupo, pamesimama ghorofa. Mama na wanawe hushinda katika vyumba viwili, dirisha latazama dirisha la jirani, na mtoto burudani yake ni simu.

Wataalamu nao wamelipima jambo hili. Mwaka 1984, Roger Ulrich wa Marekani alitangaza uchunguzi wake juu ya wagonjwa waliopasuliwa na kutolewa nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania. Wale ambao madirisha yao yalitazama miti walitoka hospitalini mapema, na walitumia dawa kali za maumivu kidogo kuliko wenzao waliotazama ukuta wa matofali. Mwaka 2019, uchunguzi wa watu wapatao 20,000 huko Uingereza ulionyesha kwamba waliopitisha angalau saa mbili kwa wiki penye miti, nyasi au ufuo walijiona na siha na raha zaidi kuliko wasiokwenda kabisa. Na haikujalisha kama ni kwa mara moja au kidogo kidogo.

Sisemi mtu atupe vidonge vyake, hasha. Nasema dawa hii ya pili Mwenyezi Mungu katuwekea mlangoni, nasi twaiachia itwaliwe. Katiba ya mwaka 2010 yataja ardhi iliyo baina ya maji kujaa na maji kupwa kuwa ni ya umma. Lakini ufuo wa umma wamfaa nini mtu ikiwa vichochoro vya kuufikia vimezibwa kwa kuta na malango?

Tazama Mama Ngina Drive ya Mombasa, iliyotengenezwa upya mwaka 2019. Jioni kina mama huketi pale kwa mabuibui yao na kwa heshima zao, watoto wakikimbia chini ya mibuyu, wazee wakinywa madafu. Hawalipi kiingilio. Kila mtaa wahitaji mahali pake kama hapo, japo padogo, maana nauli ya kwenda na kurudi si kila nyumba inayo.

Basi viongozi wa kaunti zetu wavifungue vichochoro vya pwani, na viwanja vilivyobaki wavipatie hati, wasingoje vigawanywe usiku. Walimu wa madrasa wawatoe watoto nje. Nasi tupande miti. Mtume wetu (S.A.W.) ametufunza kwamba mti aupandao Mwislamu, akila ndege, mtu au mnyama, huwa sadaka kwake. Anayeufyeka na kuziba njia ya bahari, je, huandikiwa nini?