Sturgis na Lita Mbili za Petroli

Kijana, ukisafiri kwa gari mwezi Agosti kupitia Sturgis, Dakota Kusini, huko Marekani, utanasa katikati ya pikipiki. Mji wenyewe una watu kama 7,000 tu! Mwaka 2015, mkutano huo ulioanza 1938 ulikadiriwa kuvuta zaidi ya 700,000. Wanakuja kwa mafuta yao, na wachuuzi wanaulipa mji leseni.

Wewe je? Kila kampeni unasindikiza msafara wa kigogo, honi juu, abiria huna, kwa lita mbili na fulana (haimalizi hata masika). Kesho yake mgambo anakukamata, bodaboda inalala kituoni. Kigogo hapokei simu!

Safari hii, kabla hujawasha, muulize: faini zitapungua lini? Akikupa fulana badala ya jibu, usiwashe.