Morningside Si ya Mjerumani

Ukipanda kutoka mjini Morogoro kwenda Morningside, utapishana na akina mama wanaoshuka. Wewe umebeba chupa ya maji na simu. Wao wamejitwika ndizi na mboga, wanawahi Soko Kuu la Chifu Kingalu. Unawaamkia, "Shikamooni mama zangu," wanaitikia marahaba bila kupunguza mwendo. Kwao ile ni njia ya kazi. Aliyekuja kutembea ni wewe.

Kule juu ipo nyumba kuukuu ya enzi za Wajerumani. Tunapiga picha, tunautazama mji ulivyolala chini, kisha lazima mmoja wetu aseme: "Hapa angepatikana mwekezaji, ingekuwa bonge la hoteli!" Safari iliyopita alisema rafiki yangu, akatolea mfano Giraffe Manor ya Nairobi. Sikumjibu, nilikuwa nahema. Leo pumzi imerudi.

Giraffe Manor ilijengwa mwaka 1932 kama nyumba ya tajiri mmoja, kwa mtindo wa majumba ya wawindaji wa Uskochi. Mwaka 1974 ikanunuliwa na akina Leslie-Melville, na mwaka 1984 ikaanza kupokea wageni wa kulipa. Kulala usiku mmoja ni ghali sana. Mgeni analipia twiga, sawa. Lakini analipia pia ndoto: kuishi siku mbili kama bwana mkubwa wa zamani, bila kuulizwa ubwana huo ulipatikanaje. Ndivyo nyumba hizi zinavyouzwa. Jina la mwenye nyumba linabaki, mwaka unabaki, picha za kale zinatundikwa ukutani. Aliyebeba mawe hatajwi.

Sasa ilete biashara hiyo Uluguru. Ubao wa mlangoni utasema: "Ilijengwa na Wajerumani." Kweli? Unadhani Mjerumani alijitwika mwenyewe vifaa vya ujenzi kwenye mlima ule uliokutoa jasho wewe na chupa yako ya maji?

Ubao huo hautasema kwamba mwaka 1909 serikali ya Kijerumani ilitangaza misitu ya juu kuwa hifadhi, mwenyeji akawekewa mpaka katika mlima wake. Hautasema kwamba mwaka 1955 Waluguru waligoma kuchimba matuta ya ngazi waliyolazimishwa na Waingereza, na kwamba kule Matombo mtu mmoja aliuawa kwa risasi ya polisi. Ardhi ile ilikuwa ya koo, ikirithiwa kwa upande wa mama, na watu waliogopa kwamba matuta yangekuwa mlango wa kuwanyang'anya. Kwangu mimi, historia ya Morningside bila habari hizo ni tangazo la biashara.

Najua utanijibu: ajira je? Na nyumba ikiachwa si itaanguka? Hoja zote mbili ni za kweli. Sipingi paa jipya wala vitanda. Napinga hoteli itakayomfanya Mluguru awe mpishi, mbeba mizigo na mandhari, halafu historia yote impe Mjerumani.

Kwa hiyo kama ni hoteli, vijiji vya jirani viwe na hisa, si vibarua tu. Pawe na vyumba ambavyo mwanafunzi wa Sokoine anaweza kuvilipia. Wazee wa koo waulizwe kabla ya ubao kuandikwa. Na maji yalindwe kwanza, kwa sababu mito ya milima hii inaingia Ruvu, na Ruvu ndiyo inayoinywesha Dar es Salaam. Anayechafua kule juu anachafua ndoo za mamilioni.

Siku hoteli hiyo ikifunguliwa, sitauliza bei ya chumba wala aina ya kahawa. Nitamuuliza mlinzi wa getini jambo moja: akina mama wenye ndizi bado wanapita hapa?