Shairi la Upuuzi na Picha Yake

Katika mazoezi ya kufundisha tumeona mara nyingi somo zuri la shairi likiharibika katika dakika zake tano za mwisho. Mwanachuo amesoma ubeti wa kuchekesha, watoto wamecheka hata wa nyuma wakasimama, kisha, kwa kuliogopa andalio lake la somo, anauliza: "Shairi hili linatufundisha nini?" Kicheko hukatika. Watoto hutazamana, na mmoja hujibu kwamba linatufundisha kuwatii wazazi.

Swali hilo halina kosa mbele ya utenzi wa mawaidha. Shairi la upuuzi, lakini, halikutungwa kwa ajili hiyo, na kazi yake kubwa hufanywa pamoja na picha yake.

Edward Lear, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1812, alikuwa mchoraji wa ndege kabla ya kuwa mshairi. Akiwa kijana wa miaka 20 alikuwa amekwisha kuchapisha picha za kasuku, wengi wao aliowachora wakiwa hai. Baadaye kabaila mmoja mwenye bustani ya wanyama alimwajiri, na katika kuwafurahisha watoto wa nyumba ile zikazaliwa tungo na michoro iliyotolewa kitabuni mwaka 1846. Humo yumo mzee ambaye bundi na kuku wamejenga viota ndevuni mwake. Maneno ni machache; picha ndiyo shahidi. Mkono uliozoea manyoya ya kweli umechora jambo lisilowezekana kana kwamba lilitokea jana.

Kwa mwalimu wa Kiswahili iko faida zaidi. Mwaka 1958 Jean Berko, huko Marekani, aliwaonyesha watoto picha ya kiumbe cha kubuni chenye jina la kubuni, akawataka waseme viwili huitwaje. Wengi waliweza, ingawa neno hawakupata kulisikia. Kanuni walikuwa nayo vichwani.

Basi chora ubaoni kiumbe chenye macho, miguu mitatu na mkia kama msumeno, ukiite kipwerere. Chora wa pili. Mtoto aliyeizoea lugha atasema, "Vipwerere wanakimbia." Sasa futa macho na miguu, utie mpini na mfuniko. Neno ni lile lile, lakini vipwerere hivyo "vimepasuka". Picha ndiyo iliyoamua upatanisho! Mtoto asemaye "vipwerere vinakimbia" amekwisha kukuonyesha mahali anapohitaji msaada, wala hakuaibika, maana hakuna ajuaye kipwerere kuliko yeye.

Wako watakaosema kwamba hawajui kuchora. Michoro ya upuuzi ya Lear yenyewe ni mistari michache tu, na chaki yaitosha. Wako pia wazazi watakaonung'unika kwamba mtoto anafunzwa upuuzi. Hao wakumbushwe kinyume walichocheza utotoni, wakizipindua silabi ili wakubwa wasiwaelewe, na vitendawili ambamo yai hugeuka nyumba isiyo na mlango.

Twapendekeza shairi lisomwe mara mbili kwa sauti, kisha kila mtoto achore kabla mwalimu hajaeleza neno lolote. Michoro isitiwe alama. Na kama andalio la somo ladai swali la mwisho, liwe hili: kipwerere hula nini?